Mzigo wa Butoyi

Bukuru alitoka kwanza, na kabla sijapata pumzi Butoyi naye akafuata. Wanawake wa Bukiriro walipiga vigelegele mara mbili, maana kwetu pacha hawashangiliwi kwa pamoja, kila mmoja ana vigelegele vyake. Tangu siku hiyo sikuwahi kumpa mmoja kitu bila mwenzake. Shati la huyu lilikuwa na shati la yule. Ndizi moja iliyoiva ilikatwa katikati, na kama mmoja hayupo nusu yake ilimngoja mpaka ikawa nyeusi. Hayo sikuyabuni mimi. Mama yangu alinifundisha, naye alifundishwa, na wote tumebatizwa na tunasali. Padri akija tunampa chai. La pacha hatumwulizi.

Namwandika Bukuru kwa sababu siku hizi watu wanamsifu. Akipita sokoni wanasema, huyo ndiye aliyepanda Kilimanjaro. Mimi ndiye mama yake, nilikuwepo safari ikipangwa, na nitasema ilivyopangwa.

Bukuru ni mkulima. Kahawa yake haina magugu, na kila mgomba wenye mkungu ameuegemeza mti wake usianguke. Maneno hana. Ukimwuliza kitu anageuza uso pembeni kwanza, kama anayengoja mwingine ajibu. Shuleni ilikuwa hivyo hivyo, mwalimu anamwuliza Bukuru, anajibu Butoyi, wanachapwa wote wawili. Butoyi ndiye alikuwa na mdomo, na ndiye aliyeondoka. Alifuatana na rafiki yake mmoja wa Nyantakara, kule Biharamulo, anaitwa Anastazi, wakaenda Moshi kuwabebea wageni mizigo mlimani. Kila Krismasi alirudi amekonda na anacheka. "Mama, kule juu maji yanaganda kwenye ndoo kama samli," alikuwa ananiambia, na mimi namwambia acha uongo.

Mwaka ule wageni waliporudi baada ya korona, Butoyi alianguka kambi ya tatu. Kifua kilijaa maji. Anastazi alimbeba mgongoni kumshusha, na alikata roho kabla hawajafika penye gari.

Bukuru alikwenda Moshi kuzika. Mimi niliambiwa nibaki. "Mama, safari ni ndefu, wewe ni mtu mzima, nani atapokea wanaokuja kutoa pole?" Nikabaki. Basi la Bukuru liliharibika njiani, alipofika akakuta kaburi limeshafukiwa. Waajiri wa Butoyi walisema maiti isingengoja. Alirudi na begi la nguo. Kwa hiyo hakuna mtu wa nyumba hii aliyeuona uso wa Butoyi, na mimi nilikaa kwenye mkeka nikipewa pole kwa maiti ambayo haikuja. Nasema hivi ili ajuaye kuhukumu ajue anaanzia wapi.

Mwaka wa nne, tukiwa tunapura maharage, Bukuru aliacha fimbo akasema, "Mama, namwota Butoyi ana baridi."

"Unamwota mara moja au mara nyingi?"

"Kila nikilala."

Nikamwambia, "Basi kamchukue."

Hakuuliza nina maana gani. Anajua. Mtu aliyefia mbali, hakuna wa kwao aliyemwita jina lake pale alipoanguka, atarudije? Tukakubaliana. Kiangazi, njia zikiwa kavu, tutapanda mpaka hiyo kambi ya tatu. Tutamtandikia Butoyi mahali pake, tutampikia, tutalala naye usiku mmoja. Asubuhi tutamwita na kushuka naye. Nilisema tutapanda, sikusema atapanda. Bukuru alisikia vizuri, masikio anayo.

Mke wake, Odeta, ni mtoto wa Ntobeye na amesoma mpaka kidato cha nne. Aliposikia alisema, "Kwa hiyo mume wangu anakwenda kulala kwenye barafu kwa sababu ya ndoto?"

"Hujalazimishwa kwenda," nikamwambia.

"Miaka minne Mama napika kwa waume wawili, naweka sahani mbili, moja inaliwa na kuku. Sasa tena mlima?"

"Kuku wako wamenenepa. Unalalamika nini?"

Bukuru alimpigia Anastazi simu. Anastazi siku hizi habebi tena, anaongoza wageni. Alisema atapata mapumziko mafupi mwezi wa saba, atawapitisha mwenyewe, siku tano kupanda na kushuka, ila kwanza aje aone mizigo, kwa sababu watu wa kwetu hawajui kufunga mzigo wa mlimani. Akaja. Aliazima mizani ya kuning'iniza kwa jirani, ile ya kupimia kahawa, akaifunga kwenye boriti ya kibanda cha jikoni. Mfuko wa Bukuru ulikuwa tayari, tulikuwa tumeupanga wiki nzima. Akaanza kutoa vitu.

"Hii nini?"

"Blanketi," Bukuru akasema.

"Na hii?"

"Blanketi."

"Bukuru, unapanda mlima au unafungua gesti?"

Odeta alicheka mpaka akaweka ungo chini. Mimi sikucheka.

"Moja langu, moja la Butoyi."

Zikatoka sahani mbili. Vikombe viwili, jaketi mbili, kofia mbili za sufu nilizozifuma mimi, za rangi moja. Unga wa mtama vifuko viwili, karanga vifuko viwili. Anastazi aliacha utani. Alirudisha vyote mle ndani polepole, akafunga mfuko, akautundika. Mshale ulishuka mpaka jirani aliyeleta mizani akaguna.

"Ndugu yangu," Anastazi akasema, "mtu ambaye hajawahi kupanda anabeba nusu ya huu. Nusu. Kule juu hewa ni nyembamba, unapiga hatua tatu unahema kama uliyelima tangu alfajiri. Toa kimoja kimoja."

"Nitoe kipi? Changu au chake?"

"Chake. Yeye habebi."

"Ndiyo maana nabeba mimi."

"Basi utabaki kambi ya kwanza na sahani zako, mimi nitaendelea."

Mfuko ulikuwa unazunguka taratibu kwenye kamba. Niliona Bukuru ameanza kugeuza uso pembeni, nikajua atakubali, kwa hiyo nikasema mimi. "Wa Butoyi nitaubeba mimi."

"Mama, shikamoo," Anastazi akasema, na tulikuwa tumeshasalimiana tangu asubuhi.

"Marahaba. Nimesema nitaubeba mimi."

"Una miaka mingapi, Mama?"

"Ya kutosha kukuzaa wewe na bosi wako."

"Kule kuna baridi usiyoijua."

"Mwanangu yuko huko miaka minne hana hata blanketi. Mimi nitashindwa siku tano?"

Anastazi akaanza kufungua kamba ya mizani, fundo likamshinda. Mwisho akasema, "Tutaona, Mama."

Mwanamume akiambiwa na mama wa marehemu jambo kama hilo, akasema tutaona, akanyamaza, akala chakula cha mama huyo, amekubali. Siku hizi wananiambia ile ilikuwa adabu tu. Adabu ni kumwambia mtu hapana usoni, ukiwa bado uko nyumbani kwake.

Nikajiandaa. Nilikwenda Ngara mjini kutafuta viatu. Pale sokoni kuna mama mmoja anaitwa Pili, watu wao asili yao ni pwani, babu zao walikuja kufanya biashara wakabaki. Anauza mitumba na ana maneno kama redio.

"Shikamoo, bibi yangu. Karibu, leo nimefungua balo. Nikupe kitenge?"

"Marahaba. Nipe viatu vya kupanda mlima. Vyangu, na vya mwanamume, mguu wake kama wa huyu kijana wako aliyekaa kwenye viroba."

"Mlima gani tena bibi, wa kwenda kuchanja kuni?"

"Kilimanjaro."

Alinitazama kama anangoja nicheke. Sikucheka. Akageuka akawaambia wenzake wa vibanda vya jirani, "Jamani, bibi anakwenda Kilimanjaro!" Na mmoja akajibu, "Mwambie atuletee barafu ya juisi!" Wakacheka soko zima. Niliwaacha wamalize, kisha nikakaa kwenye benchi na kunyoosha mguu. Pili alinivalisha mwenyewe, akafunga kamba. Vilinikaa. Nikamwambia vile vya kiume, vya Butoyi, viwe sawasawa na vya Bukuru, vya kahawia, soli nene, pete za njano kwenye matundu ya kamba.

"Bibi, mtumba unakuja jozi moja moja. Ukiona ulichokipenda hutakiona tena. Wawili wafanane, hapana."

"Basi tafuta."

Alitafuta kweli, sitasema uongo. Aliingia mpaka ndani ya balo. Alipotoka jasho linamtiririka alikuwa na vya kahawia, pete nyeusi. Nikavichukua na nyumbani nikazipaka pete zile rangi ya njano kwa kijiti.

Kisha nikaanza kutembea. Nilitenga vitu vya Butoyi kwenye mfuko wake, nikaongeza maharage mpaka ukawa na uzito kama wa Bukuru, nikapanda kilima cha nyuma ya kanisa kila alfajiri. Anastazi alisema mzigo wa mlimani unabebwa mgongoni. Mimi mgongoni nimebeba watoto, mzigo nabeba kichwani, na ngata yangu. Siku moja nilitembea mpaka Ntobeye kwa dada yangu Generoza na viatu vile, nikalala, nikarudi. Watoto wa shule walinifuata wakiimba, "Bibi jeshi! Bibi jeshi!" Nilikuwa sina malengelenge hata moja. Bukuru aliniona nikiingia uani, akaniuliza, "Mama, huchoki?" Nikasema sichoki. Angeweza kuniambia siku hiyo. Alikuwa amesimama karibu yangu hivi, angeweza kuninong'oneza.

Tulipanga kuondoka Jumatatu. Jumapili nilikwenda misa ya kwanza, nikawaombea wote, hata Odeta. Nilipotoka kanisani nikamkuta Odeta amekaa nje ya nyumba yao anachambua maharage ambayo nilikuwa nimeshayachambua jana yake.

"Bukuru yuko wapi?"

"Mama, kaa kwanza."

"Sikai. Yuko wapi?"

"Ameondoka. Anapandia basi Nyakanazi, Anastazi anamngoja huko."

"Saa ngapi ameondoka?"

"Ulipoingia kanisani."

Nikaingia kwangu. Mzigo wa Butoyi ulikuwa pale pale, hakugusa hata kamba. Alikuwa amechukua mmoja tu, wake.

Odeta alinifuata mpaka mlangoni. "Mama, usimwonee. Alilia asubuhi."

"Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya mizani," akasema, na hakuangalia chini. Hilo nilimheshimu kidogo.

Nilivaa viatu, nikaweka ngata kichwani na mzigo juu yake, nikatoka barabarani. Probox ya abiria ya kwanza iliyopita niliingia. Watu waliniuliza naenda wapi, sikujibu mtu. Kutoka kwetu mpaka Nyakanazi ni mbali, na dereva yule alisimama kila penye mkono ulionyooshwa, na mimi moyo ulikuwa unasema wameshaondoka, wameshaondoka. Tulipofika stendi basi lilikuwa bado, linapakiwa. Bukuru alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka anakula muhindi wa kuchoma. Aliponiona aliacha kutafuna.

"Shikamoo, Mama," Anastazi akasema haraka.

Sikumjibu. Nilitua mzigo mbele ya Bukuru. "Umenisahau," nikasema.

Akainuka. Aliyesema ni Anastazi, alikuja akasimama katikati yetu, na sauti yake haikuwa ile ya utani.

"Mama, nilaumu mimi, siku ya kuondoka ni mimi niliyeibadili. Butoyi nilimbeba mgongoni kutoka kambi ya tatu. Alikuwa ananiambia Anasta, sema nami nisilale. Nikasema naye. Nikamwambia habari za Ngara, za wewe, za kila mbwa ninayemjua. Kisha akawa mzito. Mama, mtu akishakufa anakuwa mzito ghafla, mgongo unajua kabla yako. Sitabeba mwingine wa nyumba yako. Ukipanda wewe kwenye basi hili, mimi narudi Nyantakara, na hakuna atakayefika mlimani."

Hayo hakuwahi kuniambia. Miaka minne alikuwa ananiambia Butoyi alilala tu. Niliyasikia maneno hayo stendi, mbele ya wauza mihogo na mayai. Nilishika ngata yangu, nikaishika sana.

"Haya," nikasema. "Mimi narudi. Bukuru, chukua mzigo wa mwenzako. Nimeufikisha mpaka hapa. Utauweka kwenye buti la basi, ukifika huko mtafute kijana wa kuubeba."

Bukuru aliutazama mfuko.

"Chukua, mwanangu."

"Sichukui, Mama."

"Umesemaje?"

Hakugeuza uso pembeni. Alinitazama mimi, na sikumbuki kama alikuwa amewahi kunitazama vile. "Nimechoka. Tangu nizaliwe mimi ni wawili. Nikila, wawili. Nilipooa ulitaka Butoyi naye aoe wiki ile ile, na hakuwa na mchumba. Amekufa, bado ni wawili. Nataka nikamwone ndugu yangu nikiwa mmoja. Nimlilie nikiwa mimi. Nikimbebea vitu vyake nitakuwa nabeba vitu tu, sitamlilia."

"Na mimi nitamlilia wapi?" nikamwuliza.

Kondakta alikuwa anapiga kofi ubavuni mwa basi. "Wa Kahama, wa Singida, tunaondoka! Bibi, unapanda? Huo mzigo unakwenda wapi, niupakie?"

"Hauendi," nikasema.

Walipanda. Anastazi aligeuka mlangoni akanipungia, Bukuru alikwenda moja kwa moja kwenye kiti, upande mwingine wa basi, nisikoweza kumwona. Basi likaondoka. Mimi nilibaki nimesimama na viatu vyangu vya mlimani kwenye vumbi la Nyakanazi, na muuza mayai mmoja akanipa pole bila kujua ni ya nini.

Nilirudi na lori la saruji lililokuwa linakwenda Burundi. Dereva alikuwa kijana mstaarabu, alinisaidia kupandisha mzigo.

"Bibi unatoka safari?"

"Ndiyo."

"Ya mbali?"

"Ya karibu."

Bukuru alirudi wiki iliyofuata. Uso ulikuwa umeungua na jua, midomo imebabuka, anatembea kwa magoti magumu. Kabla hajaingia kwa mkewe alikuja kwangu. Hilo alilifanya sawasawa. Nilikuwa nasuka kikapu, sikukiweka chini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Akakaa. Akaniambia yote bila kuulizwa, yeye ambaye hana maneno. Msitu wenye ukungu siku ya kwanza, kisha majani mafupi, kisha mawe matupu. Kichwa kilimuuma kama kimepigwa nyundo. Kambi ya tatu Anastazi alimwonyesha jiwe ambalo Butoyi aliegemea alipoanza kukohoa. Alilala karibu na jiwe hilo. Alilia mpaka watu wa mahema mengine wakaja kuuliza.

"Ulimwita?"

"Nilimwita."

"Akakujibu?"

"Hakuna mtu pale, Mama. Ni jiwe na upepo."

"Utajuaje?" nikamwambia. "Ulikwenda mikono mitupu. Mgeni akija kwako mikono mitupu, usipomwitikia, atasema nyumbani hakuna mtu."

Nilisikia anavuta pumzi kwa shida, bado kifua hakijakaa sawa. Nilitaka kumwambia akapumzike. Sikumwambia.

"Mimi nimemaliza, Mama," akasema. "Analala sasa. Na mimi nalala."

"Wewe umemaliza. Mimi sijaanza."

Odeta sasa anaweka sahani moja, hakuna aliyeniomba ruhusa. Watu wanakuja kumsikiliza Bukuru akieleza theluji ilivyo, na anaeleza vizuri, amepata mdomo ukubwani. Wananiambia, Mama Bukuru, mwanao ametutoa kimasomaso. Wanasema Mama Bukuru. Zamani walisema Mama Pacha.

Juzi Bukuru alikuja akaniambia Anastazi amepiga simu. Anasema kiangazi kijacho nikitaka atanipeleka mpaka langoni, penye uzio, mahali gari linapofika, nikae kwenye kiti niutazame mlima ukiwa wazi asubuhi. Nikamwambia Bukuru amwambie rafiki yake kwamba milima ya kutazama kwa mbali ninayo ya kutosha hapa Bukiriro, sihitaji kupanda basi kuitafuta.

"Basi utabaki, Mama?"

"Nani amesema nitabaki?"

Alinikazia macho, kisha akachukua jembe lake akaenda kwenye kahawa. Mimi nilimaliza kikapu. Jana nilikwenda Ngara mjini, nikamwuliza mkata tiketi basi la Moshi linaondoka siku gani. Akaniuliza, "Bibi, mko wangapi?" Nikamwambia nitamjulisha.